Mekatilili na ile njia ya Kisii tunayoipita mbio

Habari za Mekatilili wa Menza kila mtu wa Mwambao anazijua, au anadhani anazijua. Mtoto wa shule atakusimulia kuku na vifaranga vyake, atakusimulia kofi alilopigwa Mzungu, kisha akifika kwenye kifungo atasema kwamba bibi alipelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Basi, imekwisha, tunaendelea na vita vya 1914. Na sisi watu wazima hali ni hiyo hiyo. Kisii kwetu ni jina tu, kama vile mtu anavyosema fulani kaenda Ulaya.

Mimi ni mtu wa Malindi, lakini mwaka wa kumi na moja huu naishi Rongo, kaunti ya Migori, nauza leso na vitambaa. Kisii ndio mji wangu wa kuchukulia bidhaa. Natoka asubuhi kwa matatu, na adhuhuri nimesharudi. Nyumbani nakwenda mara moja kwa mwaka, na safari yenyewe kwa basi ni mchana na usiku, nikishuka miguu imevimba. Mtu akiishi hivyo, yale maneno ya kwamba alirudi kwa miguu hayapiti tena kooni kwa wepesi. Ndiyo maana leo nataka kuzieleza habari za huyu bibi nikianzia kwetu na kupitia huku niliko.

Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Alizaliwa Mutsara wa Tsatsu, upande wa Bamba, katika Ganze ya leo, mtoto wa kike peke yake kati ya watoto watano wa mzee Menza. Mekatilili ni jina la uzazi: mama yake Katilili, kifungua mimba wake. Aliolewa na Dyeka wa Duka, na wakati sifa zake zinaanza kuvuma alikuwa ni mjane, mtu mzima, si msichana. Haya nayasema kwa sababu siku hizi watu wanamchora kijana mwenye mkuki, na wengine wanamwita malkia. Wagiriama hawakuwa na malkia wala mfalme. Walikuwa na kaya, na kaya ilikuwa na wazee wa kambi, na mambo yaliamuliwa kwa kukaa chini na kusemezana. Mwanamke mjane kuinuka katika jamii ya namna hiyo akafuatwa na maelfu, hilo ni jambo kubwa kuliko kuzaliwa malkia.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo sisi Waswahili wa mijini hatupendi kuigusa. Simulizi za kwao zinasema kwamba alipokuwa bado mdogo, ndugu yake mmoja, Mwarandu, alichukuliwa na wafanya biashara ya watumwa, hakuonekana tena. Hao wafanya biashara hawakutoka London. Walitoka miji yetu, walisema lugha yetu, na mashamba ya Malindi na Mambrui yalilimwa na watu wa namna ya Mwarandu. Sileti habari hii ili tutupiane lawama leo. Lakini mtu hawezi kumuelewa Mekatilili akaacha kipande hicho. Alipowaona Waingereza wanakuja kuandikisha vijana wa Kigiriama wapelekwe kazini mbali na kwao, yeye hakuhitaji kuelezwa na mtu maana yake ni nini. Alishaiona nyumba ya baba yake ikipungua mtu.

Na kweli mambo hayo mawili yalishikana. Utumwa katika Pwani ya Kenya ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907. Wenye mashamba wakakosa mikono. Wazungu nao walikuwa wameshaanza kulima mashamba yao makubwa, na Mombasa ilitaka wapagazi na vibarua wa bandari. Wagiriama walikuwa wengi, lakini kazi hizo hawakuwa na haja nazo. Walikuwa wakilima mahindi na mtama kwa wingi, wanauza kwa wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili wa Malindi na Takaungu, wana mifugo yao na mnazi wao. Kwa miaka ishirini hivi walikuwa wamevuka mto Sabaki kwenda kaskazini, kwenye ardhi yenye rutuba, na mavuno yalikuwa mazuri. Mtu anayejilisha mwenyewe humwajiri kwa urahisi. Kwa hivyo serikali ikaona dawa ni kodi ya nyumba, vizuizi katika biashara, na afisa wa kukaa nao karibu awasukume.

Afisa huyo alikuwa Arthur Champion, aliyepewa kazi ya Wagiriama mwaka 1912. Bwana wake mkubwa, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Pwani, alikuwa Charles Hobley. Jina hili huku Nyanza linajulikana tangu zamani. Hobley kabla ya kuletwa kwetu alikuwa mtawala wa upande huu wa ziwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na alihusika na vita vya kuwatiisha Wabukusu na baadhi ya Waluo. Kwa hivyo aliyeamua kumtoa Mekatilili Pwani na kumtupa huku alikuwa mtu mwenye uzoefu wa pande zote mbili. Alijua ni mbali kiasi gani.

Champion alizunguka vijijini akihesabu nyumba, akitaka kodi, akiwataka wazee watoe vijana. Wazee wengine waliofanywa machifu na serikali walikubali mchana na kukataa usiku. Hapo ndipo Mekatilili alipotokea. Silaha yake ya kwanza haikuwa mshale, ilikuwa ngoma. Kifudu ni ngoma ya msiba, ngoma ya wanawake, na msiba haukatazwi na mtu. Akawa anakwenda kijiji baada ya kijiji akicheza kifudu, watu wanakusanyika, akishapata watu ndipo anasema nao. Aliwakumbusha Mepoho, yule mwanamke mbashiri wa kale ambaye Wagiriama husimulia kwamba aliuona ujio wa wageni kabla hawajafika, na uharibifu utakaofuata. Aliwauliza wanaume kama wataacha watoto wao wachukuliwe. Kisha yeye na mzee mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakaitisha mkutano mkubwa kayani, na watu wakala viapo: wanaume kiapo cha fisi, wanawake mkushekushe. Aliyekula kiapo hakuruhusiwa kumfanyia kazi Mzungu wala kumsaidia Champion kwa lolote.

Mtu wa leo anaweza kuona viapo kama mambo ya giza. Hebu tazama matokeo yake. Kwa muda wa wiki chache, Champion alijikuta hana mtu. Hapati mpagazi wa kumbebea mzigo. Machifu wake hawathubutu kumsemesha. Serikali yenye bunduki na reli imekwama kwa sababu watu wamekubaliana kutoipa mkono. Mgomo wa bandari ya Mombasa, ambao twajisifia sana, ulikuja miaka mingi baadaye. Huu ulipangwa na bibi asiyejua kusoma, bila karatasi hata moja.

Kisa cha kuku nimesema kila mtoto anakijua, basi nitakipitia kwa ufupi. Inasimuliwa kwamba Agosti 1913 Champion alipoita baraza la kutafuta vijana, Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Mzungu achukue kifaranga kimoja. Alipoinama kukichukua, kuku akamdonoa. Maana ikaeleweka na kila aliyekuwepo. Champion akaona haya, akampiga risasi kuku, na katika vurumai iliyofuata bibi akamzaba kofi. Wapo wanaokibishia kisa hiki. Mimi sina ugomvi nao, ila nasema kwamba watu hawahifadhi kwa miaka zaidi ya mia jambo lisilowagusa. Kila mama aliyefuga kuku alimfahamu Mekatilili kwa hilo moja.

Tarehe 17 Oktoba 1913 alikamatwa, yeye na Wanje. Hukumu ilikuwa kuhamishwa miaka mitano, na mahali palipochaguliwa ni Kisii.

Hapa ndipo niwaombe ndugu zangu msiende mbio. Kwanza, hii kuhamisha watu ilikuwa ni tabia ya Waingereza kila walikotawala. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa 1899 wakapelekwa visiwa vya Shelisheli. Prempeh, mfalme wa Ashanti, alipelekwa huko huko, na baada ya vita vya 1900 akafuatia mwanamke aliyeongoza vita hivyo, Yaa Asantewaa, ambaye alifia kisiwani 1921. Mfungwa wa kisiwani ana bahari pande zote. Mekatilili hawakumwona mkubwa wa kiasi hicho. Alikuwa bibi kizee wa kijijini. Wakaona masafa yatatosha kuwa ukuta. Ni katika kumdharau ndipo walipoteleza.

Pili, Kisii yenyewe wakati ule ilikuwaje? Kituo cha serikali pale kilikuwa na umri wa miaka sita tu, kimeanzishwa 1907. Abagusii walikuwa wameshapigana na Waingereza 1905, wakauawa wengi na ng'ombe wao wakachukuliwa. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa pale, Northcote, na Waingereza wakalipiza kwa kuchoma vijiji na kuua. Na nyuma ya Otenyo huku wanamtaja mwanamke, Moraa, mbashiri na mganga, aliyewachochea vijana wakatae kutawaliwa. Mwaka huo huo wa 1913 aliofungwa Mekatilili, katika nchi ya Waluo upande wa Alego kulizuka watu wa Mumbo, wakihubiri kwamba nyoka mkubwa wa ziwani amesema Wazungu wataondoka, na imani ile ikaenea upesi mpaka nchi hii ya kusini ya Nyanza na Kisii. Sasa tazama walivyofanya: mwanamke mchochezi wa Pwani wakamleta mahali ambapo kila mlima una mchochezi wake. Baadaye, Mumbo ilipowasumbua zaidi, baadhi ya viongozi wake walikamatwa na kupelekwa wapi? Pwani. Yaani walikuwa wanabadilishana makaa ya moto, jiko hili kwenda jiko lile.

Sisemi kwamba Mekatilili alikutana na Moraa. Nasema kwamba watu waliomwona akipita wakiwa na mizigo ya wafungwa hawakuwa wageni wa jambo lake. Nimemsimulia mama mmoja jirani yangu hapa sokoni, Mluo wa Kamagambo, habari za kuku na vifaranga. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akataka kujua kama yule bibi alipita hapa Rongo.

Ukitazama ramani, hapana, njia ya kwao haikumleta huku. Rongo iko kusini magharibi ya Kisii, kwenye barabara ya kwenda Migori, chini ya ile milima. Huku ni nchi ya miwa na viwanda vidogo vya sukari nguru, moshi wake mtamu unaingia mpaka dukani. Kisii iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ni baridi ya kweli. Mtu aliyezaliwa Bamba, kwenye joto la nyika, akalazwa kule kwa nguo za mfungwa, baridi peke yake ni adhabu. Mimi mwaka wangu wa kwanza huku nilivaa sweta mpaka kitandani.

Chakula nacho kilikuwa kigeni. Huku ni wimbi, ugali mweusi wa wimbi na mtama, na hakuna nazi. Lugha hakuna anayokaribiana nayo upande wa Waluo. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, maneno mawili matatu mtu wa Kigiriama angeyakamata, lakini si zaidi. Kilichokuwepo ni Kiswahili. Vituo vyote vya serikali viliendeshwa kwa Kiswahili, askari walitoka kila kabila na lugha yao ya kuamrishana ilikuwa hiyo, na wafanya biashara walikuwa wameshaipeleka mpaka ziwani. Nadhani, na haya ni maoni yangu, kwamba lugha ya pwani ndiyo iliyomvusha. Lugha ya wale waliomchukua ndugu yake ikamsaidia yeye kuomba maji njiani. Mambo ya dunia yana mizunguko ya namna hiyo.

Tarehe 14 Januari 1914, baada ya miezi mitatu hivi, Mekatilili na Wanje walitoroka.

Januari huku ni kiangazi kifupi baina ya mvua za vuli na masika. Njia hukauka, mito hupungua. Sijui kama walihesabu hivyo, lakini waliondoka wakati mzuri. Kutoka Kisii hadi nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita 700. Basi langu likitoka Rongo jioni huwa nafuata njia ile ile kwa macho: unapanda Kisii, unavuka nchi ya Wakipsigis yenye majani ya chai leo, ambayo wakati ule ilikuwa malisho na misitu, kisha ardhi inaanguka, unaingia Bonde la Ufa, nchi ya Wamasai. Na Wamasai nao mwaka ule walikuwa katika msiba wao. Waingereza walikuwa ndio kwanza wamemaliza kuwahamisha kwa nguvu kutoka Laikipia kwenda kusini, watu na ng'ombe, na wengi walifia njiani. Baada ya hapo ni nyanda za Ukambani, halafu Tsavo yenye simba, halafu nyika ya Taru, ambayo hata misafara ya zamani yenye wapagazi mia ilikuwa ikiiogopa kwa kukosa maji. Ndipo unaanza kusikia harufu ya kwenu.

Reli ilikuwepo. Ilifika Kisumu tangu 1901. Lakini mtoro hapandi treni, na pengine hata kuifuata kwa karibu ni hatari kwa sababu kila stesheni ina askari. Watu wawili wazee, bila silaha, bila fedha, walikula nini? Walilala wapi? Hakuna jibu jingine ila kwamba walilishwa na kulazwa na watu. Wakipsigis, Wamasai, Wakamba, Wataita, mtu fulani katika kila nchi alifungua mlango. Vitabu vinampa Mekatilili sifa ya kutembea, na ni haki yake. Lakini zile kilomita 700 zina wenyewe wengine, wanawake wengi naamini, waliompa uji mwanamke wasiyemjua na asubuhi hawakwenda kumsema kwa chifu. Hao hawana sanamu popote. Kila nikisikia siku hizi mtu wa Pwani anamwita mwenzake mtu wa bara kana kwamba ni tusi, au huku bara nikisikia yale wanayosema juu yetu, nawakumbuka hao.

Kabla ya nusu ya mwaka kupita alikuwa kwao, viapo vimepata nguvu mpya, na serikali imeumbuka. Hobley na wenzake wakaamua kukata shina. Tarehe 4 Agosti 1914 walikilipua Kaya Fungo kwa baruti. Miti mikubwa ikaangushwa, milango ikachomwa. Tarehe hiyo hiyo, huko Ulaya, Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Haikuwa siri kwamba serikali sasa ilitaka watu zaidi, maana vita vya Wazungu vilihitaji wapagazi. Haukupita muda Wagiriama wakainuka. Walikuwa na mishale. Upande wa pili ulikuwa na askari wa King's African Rifles. Waliuawa Wagiriama wapatao 150, nyumba kwa maelfu zikateketezwa, mbuzi kwa maelfu wakachukuliwa. Masharti ya kusimamisha vita yalikuwa faini ya rupia 100,000, vijana 1,000 wa kazi, na kuhama ile ardhi ya kaskazini ya Sabaki. Mekatilili mwenyewe alikamatwa tena mwezi ule ule wa Agosti na kuondolewa nchini mwake.

Niongeze jambo moja la huku. Septemba 1914, miezi minane tu tangu bibi atoroke, Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na maafisa wa Kiingereza wakakimbia. Wenyeji waliingia madukani na maofisini wakabeba walichoweza, wakidhani utawala umekwisha. Waingereza waliporudi waliwatoza kwa ukali sana. Lakini kwa siku chache ile gereza ya Mekatilili ilikuwa haina mwenyewe.

Ukiishia hapo utasema alishindwa, na wapo wanaosema hivyo. Mimi sikubali. Ardhi ya kaskazini ya Sabaki, kabla ya muongo ule kwisha, serikali ilirudi nyuma na kuwaachia Wagiriama warejee, kwa sababu kuwahamisha kulileta njaa na hakukuleta vibarua. Nenda leo Magarini uwaangalie waliopo. Na mwaka 1919, Mekatilili na Wanje walipoachiwa, walirudi kayani: Wanje akawa mkuu wa baraza la wanaume, Mekatilili mkuu wa baraza la wanawake. Serikali iliyomfunga kama mchochezi ikabidi imwache akae kama kiongozi, maana bila watu kama yeye hakukuwa na wa kusema nao. Alikufa mwaka 1924, akazikwa Bungale, huko huko Magarini, kwenye ardhi waliyotaka kumnyang'anya.

Sasa kuna jambo lililonifanya niandike mwaka huu na si mwaka mwingine. Waingereza katika maandishi yao walimwita mchawi. Ilikuwa njia rahisi: mwanamke mzee, mjane, watu wanamsikiliza, basi ni mchawi. Tunalaani hilo kwenye matamasha, tunavaa hando, tunacheza. Lakini katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, katika Ganze hiyo hiyo aliyozaliwa yeye, wazee wanauawa leo kwa neno hilo hilo. Wajane, mababu wenye mvi, wanakatwa mapanga usiku, na mara nyingi ukichimba utakuta nyuma ya uchawi kuna shamba. Kijana anataka kuuza, mzee hataki. Wengine wamekimbia makwao na kuhifadhiwa Kaya Godoma, kambi ya wazee waliokoswakoswa na watoto wao wenyewe. Lau Mekatilili angekuwa hai leo katika umri ule, mjane, mwenye ulimi, anayekataza ardhi isiuzwe, huenda asingefika Kisii. Asingemaliza mwezi. Na wa kumfuata usiku hangekuwa Champion.

Kaya ya Fungo iliyolipuliwa ilisimama tena; tangu 2008 kaya za Mijikenda zimeandikwa katika urithi wa dunia. Sanamu ya bibi iko Malindi, na kila Agosti watu hupanda mpaka Bungale kumkumbuka. Hayo ni mazuri. Huku Kisii, kwa miaka yote niliyopita mjini na mabunda yangu ya leso, sijaona hata kibao chenye jina lake. Wazee wa Kilifi wakitaka kuja kuonana na wazee wa Kisii juu ya jambo hilo, njia naijua, na malazi Rongo yapo. Yule mama jirani yangu ameshasema atapika.